Makipa wa taifa: Safari inayokatikia kwenye viwanja vya shule

FAINALI za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda. Itakuwa mara ya kwanza kwa Taifa Stars kucheza fainali hizo mbele ya mashabiki wake. Kila mashindano ya aina hiyo yanapokaribia, swali moja hurudi vijiweni: nani atasimama langoni?

Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake lipo katika kambi ya timu ya taifa. Ukweli ni kwamba jibu huanza kuandikwa miaka kumi au zaidi kabla ya mchezo wenyewe, katika viwanja vya shule za msingi na sekondari. Mara nyingi hufutikia hukohuko, hasa katika mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam kama Mtwara.

Mshambuliaji anaweza kujifunza mengi akiwa peku, kwa mpira wa makaratasi, bila ya mwalimu. Mlinda mlango hawezi. Yeye anahitaji goli lenye vipimo, mpira wenye uzito wa kweli, glovu, mtu wa kumpigia mashuti na mtu wa kumsahihisha. Pale vitu hivyo vinapokosekana, taifa hupata viungo na mawinga wengi, lakini makipa wachache.

Nafasi moja tu

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Maana yake ni kwamba katika kila raundi makipa 16 tu ndio wanaocheza. Winga wa akiba anaweza kuingizwa kwa dakika 20 za mwisho na kuonyesha alichonacho, lakini kipa wa akiba anaweza kumaliza msimu mzima bila ya kugusa mpira katika mchezo wa mashindano.

Ugumu wa pili ni muda. Kazi ya kipa ni kusoma mchezo na kuamua, na uamuzi mzuri huja baada ya kufanya makosa mengi. Shuti kali la penalti, kutoka umbali wa mita 11, hufika golini kwa chini ya nusu sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kulisubiri ndipo aruke. Kipa husoma mwili wa mpigaji, na usomaji huo haufundishwi kwa wiki mbili za kambi.

Ndiyo maana makipa hukomaa kwa kuchelewa na kudumu kwa muda mrefu. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia la mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 45, akaokoa penalti. Kipa wa namna hiyo ni matokeo ya michezo mingi, na michezo hiyo ni lazima ianzie mahali fulani.

Ugumu wa tatu umeletwa na mabadiliko ya sheria. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mchezaji mwenzake, hivyo amelazimika kuwa hodari wa miguu pia. Mwaka 2019 ilielekezwa kuwa wakati wa penalti walau mguu mmoja wa kipa uwe kwenye mstari wa goli au usawa wake. Mwaka 2025 ikaja sheria ya sekunde nane, ambapo kipa anayeshika mpira zaidi ya muda huo huiadhibu timu yake kwa kona. Kijana aliyefundishwa kudaka tu, bila ya haya mengine, hufika ngazi ya juu akiwa na elimu nusu.

Mchanga wa Mtwara

Katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, kuanzia kata ya Ufukoni hadi Mikindani, na kusini zaidi katika vijiji vya Msimbati, Madimba na Kilambo kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, soka ni mchezo wa kila jioni. Maji yakikupwa, ufuko hugeuka uwanja. Maji yakijaa, mchezo huhamia kwenye kichochoro au chini ya mikorosho.

Lakini soka hiyo ya mitaani, maarufu kwa jina la chandimu, mara nyingi huchezwa kwa magoli madogo. Mawe mawili au ndala mbili hutosha kuwa milingoti. Katika goli la upana wa hatua chache hahitajiki kipa, na akiwekwa, huwa ni yule aliyeonekana hajui kucheza au mdogo kuliko wote. Mtoto hukua akiamini kuwa kusimama golini ni adhabu.

Anapofika shuleni hukutana na upande wa pili wa tatizo. Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kutoka ardhini hadi mtambaa wa panya. Mwanafunzi wa darasa la sita mwenye kimo cha takribani mita moja na nusu anawekwa mbele ya goli hilo na kuambiwa adake. Mpira wowote wa juu unakuwa bao, na lawama zinakuwa zake. Nchi zilizoendelea kisoka huwapa watoto magoli madogo yanayokua pamoja nao. Hapa goli ni moja kwa wote, kuanzia darasa la tatu hadi timu ya walimu.

Uwanja nao una neno lake. Viwanja vingi vya shule ni vya udongo mgumu au changarawe. Mchezaji wa ndani anaweza kuukwepa ugumu huo kwa kubaki wima, lakini kipa kazi yake ni kuanguka. Kijana aliyechubuka nyonga na viwiko mara tatu hujifunza kuucheza mpira kwa kusimama au kwa miguu, na tabia hiyo huwa ngumu kuiondoa baadaye.

Katika jambo hili ukanda wa pwani una bahati ambayo haijatumiwa ipasavyo. Mchanga laini wa ufukoni ni mahali pazuri pa kumfundishia mtoto kuruka na kuanguka bila ya woga. Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, humfundisha kusoma mpira wa juu unaobadili njia. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuyageuza hayo kuwa zoezi.

Hesabu ya shule

Mlango mkuu wa kijana wa Mtwara kuonekana kitaifa ni mashindano ya shule. Kwa shule za msingi kuna UMITASHUMTA, na kwa sekondari kuna UMISSETA. Timu huchujwa kuanzia shule na kata, kisha halmashauri, mkoa na hatimaye taifa. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa. Kila halmashauri huja na makipa wake, lakini timu ya mkoa huhitaji wawili tu au watatu. Waliobaki hurudi nyumbani kusubiri mwaka unaofuata, na wengine huwa wamekwisha kumaliza shule.

Mashindano hayo nayo hayakuwa na mwendo wa kudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliyasimamisha, na yalirejeshwa katika awamu ya nne ya uongozi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule na michezo ikakoma. Kwa mshambuliaji wa mitaani pengo hilo lilikuwa hasara ndogo, kwa kuwa aliendelea na chandimu yake. Kwa kipa, ambaye goli lake halisi lilikuwa shuleni, lilikuwa pengo la elimu nzima.

Mtwara yenyewe imewahi kuwa mwenyeji wa mashindano hayo ya kitaifa, mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Vijana wa mkoa huo walipata nafasi adimu ya kuona wenzao wa mikoa mingine wakicheza nyumbani kwao. Hata hivyo, wiki chache za mashindano haziwezi kuziba pengo la miezi mingine ya mwaka.

Fedha ndizo zinazoeleza zaidi. Chini ya utaratibu wa elimu bila ada, ulioanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imepangwa kuwa Sh10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu na Sh6,000 hupelekwa shuleni. Mgawanyo wa fedha za shuleni hutenga asilimia 10 kwa michezo.

Hesabu yake ni rahisi. Asilimia 10 ya Sh6,000 ni Sh600 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 500 inabaki na Sh300,000 kwa michezo yote, yaani soka, netiboli, riadha, wavu na mikono, kwa wavulana na wasichana, pamoja na mipira, jezi, nyavu na nauli ya kwenda kwenye mashindano ya kata. Mwalimu wa michezo anapopanga vipaumbele, glovu za kipa huwa mwisho wa orodha. Jozi moja humfaa mtoto mmoja, ilhali mpira mmoja huwafaa 22.

Mzazi naye hana msaada mkubwa. Katika vijiji vya Mtwara fedha huonekana zaidi wakati wa mauzo ya korosho, kuanzia Oktoba. Michujo ya mashindano ya shule hufanyika katikati ya mwaka, wakati mfuko wa kaya umekauka. Viatu na glovu huahidiwa katika msimu, na msimu ukifika huwa pana madeni yanayosubiri.

Mkoa ulioonwa kwa mbali

Umbali umeongeza uzito wa tatizo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilometa 500. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri walitegemea kivuko katika Mto Rufiji, na mvua za masika ziliweza kuukata ukanda wa kusini na nchi nyingine kwa siku nyingi. Watafuta vipaji hawakuwa na sababu ya kusafiri hivyo kumtazama kipa wa shule.

Vipaji vilivyotoka vilikuwa vya wachezaji wa ndani. Nizar Khalfan, mzaliwa wa Mtwara, alifika Vancouver Whitecaps ya Canada na kucheza ligi ya Marekani ya MLS mwaka 2011. Kiungo kama yeye aliweza kuonekana kwa mguso mmoja wa mpira. Kipa huonekana pale tu timu yake inaposhambuliwa, na mtazamaji asiyejua huona mabao aliyofungwa kuliko yale aliyozuia.

Hali ilibadilika kwa muda pale Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Kwa miaka sita Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulipokea Simba, Yanga, Azam na wengine, na vijana wa Mtwara waliwaona makipa wa ngazi ya juu wakipasha misuli moto mbele yao. Ndanda ilishuka daraja mwaka 2020. Tangu hapo Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, imebaki kuwa mfano wa karibu wa soka ya juu kwa ukanda huo. Timu hiyo ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21.

Waliowahi kufika

Tanzania haijakosa makipa wakubwa. Kikosi kilichocheza Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 mjini Lagos kilikuwa na Juma Pondamali, maarufu kwa jina la 'Mensah', na Athumani Mambosasa. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella Abidjan, langoni alikuwapo Mohammed Mwameja.

Kizazi kilichofuata kilimpata Juma Kaseja. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikuwa golini Simba ilipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Miaka 16 baadaye, mwaka 2019, aliitwa tena Taifa Stars, nayo ikaitoa Kenya kwa penalti 4-1 jijini Nairobi na kisha Burundi kwa penalti 3-0 jijini Dar es Salaam. Mechi hizo zilidhihirisha thamani ya uzoefu. Pia ziliacha swali: kwa nini taifa lililazimika kumrudia kipa wa miaka 34?

Sehemu ya jibu ilikuwa Aishi Manula, aliyekulia Azam FC, klabu iliyojenga kituo cha vijana Chamazi, kabla ya kwenda Simba mwaka 2017. Yeye ndiye aliyekuwa kipa namba moja katika fainali za mwaka 2019 nchini Misri na zile zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024. Njia yake inaonyesha kuwa pale kijana anapopata uwanja, kocha na michezo, kipa hupatikana.

Mabao yaliyofungwa yanasimulia sehemu ya hadithi, ingawa lawama au sifa si za kipa peke yake. Mwaka 1980 Tanzania iliruhusu mabao sita katika michezo mitatu. Mwaka 2019 iliruhusu manane katika mitatu. Januari 2024 yalikuwa manne katika mitatu. Katika fainali za 2025 nchini Morocco iliruhusu matano katika michezo minne, ikavuka makundi kwa mara ya kwanza na kutolewa na wenyeji kwa bao 1-0. Katika CHAN ya Agosti 2025, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani, iliruhusu mawili tu katika michezo mitano.

Glovu za wageni

Wakati timu ya taifa ikipiga hatua, klabu kubwa zimetazama nje. Djigui Diarra wa Mali alijiunga na Yanga mwaka 2021 na kuisaidia kutwaa ubingwa mara kadhaa. Simba ilimsajili Ayoub Lakred wa Morocco mwaka 2023, kisha Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024, na Manula akapoteza nafasi yake. Klabu hazina kosa. Zinataka kushinda Afrika, na Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Simba ikafika mwaka 2025.

Hasara humwangukia kijana aliye nyuma yao. Ramadhani Kabwili alikuwa kipa wa Serengeti Boys katika fainali za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017, ambako timu iliruhusu mabao mawili tu katika michezo mitatu. Alichukuliwa na Yanga. Hapo alikutana na Youthe Rostand wa Cameroon, kisha Klaus Kindoki wa Kongo, kisha Farouk Shikalo wa Kenya. Miaka ambayo kipa hujifunza kwa kucheza, yeye aliitumia zaidi akiwa benchi.

Korea Kusini ilikabiliwa na hali kama hiyo. Mwaka 1992 kipa Valeri Sarychev kutoka Urusi aliingia ligi ya nchi hiyo na kuisaidia timu yake kutwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo. Klabu nyingine zikamwiga kwa kusajili makipa wa kigeni. Ligi ikaanza kuwabana mwaka 1996 na kuwapiga marufuku mwaka 1999. Mwaka 2002 Korea Kusini ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia ikiwa na Lee Woon-jae langoni, aliyeokoa penalti ya Hispania katika robo fainali.

Hata hivyo, marufuku hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2026, moja ya sababu ikiwa ni kupanda mno kwa mishahara ya makipa wa ndani. Somo lake ni la pande mbili. Marufuku inaweza kumpa kijana nafasi, lakini haimfundishi kudaka. Korea ilikuwa na shule na vyuo vyenye timu za kudumu za kuijaza nafasi hiyo. Kuwafukuza wageni bila ya kuwa na shule za aina hiyo ni kuacha goli wazi.

Yapo yanayowezekana

Mambo mengi yanayohitajika hayangoji bajeti kubwa. La kwanza ni goli. Miti miwili na kamba vinatosha kulipunguza goli la watoto, na mwalimu yeyote anaweza kufanya hivyo leo.

La pili ni kumtafuta kipa mahali ambapo hatafutwi. UMISSETA ina mpira wa mikono, wavu, kikapu na netiboli. Katika michezo hiyo wamo vijana warefu, wenye mikono mepesi na macho makali, ambao hawajawahi kuulizwa kama wangependa kudaka. Kwa wasichana hazina hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa netiboli imeenea shuleni kuliko soka. Serengeti Girls ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana nchini India mwaka 2022, ushahidi kwamba njia ya wasichana ipo wazi.

La tatu ni mwalimu. Kozi nyingi za awali humfundisha kocha kupanga timu, na kipa huachwa ajifue mwenyewe pembeni. Mafunzo ya siku chache kwa mwalimu mmoja wa kila kata, yakielekezwa kwenye kudaka, kuanguka na kusimama mahali sahihi, yangebadilisha picha kuliko jozi mia za glovu. Mtwara ina chuo cha ualimu chenye viwanja vilivyokwisha kupokea mashindano ya taifa, na ina makipa wastaafu wa timu zake za zamani.

La nne ni michezo mingi zaidi. Kipa wa shule anayecheza mechi nne za mchujo kwa mwaka hawezi kulingana na mwenzake anayecheza kila Jumamosi. Ligi ndogo ya shule za jirani, kwa mfano Ufukoni, Shangani na Mikindani, haihitaji nauli kubwa.

Mtoto aliye darasa la sita mwaka huu hatadaka katika fainali za 2027. Akipata goli la kimo chake, mwalimu na mechi ya kila wiki, huenda akawa tayari muongo mmoja baadaye. Asipovipata, atahamia winga, au ataacha kabisa, na klabu zitaendelea kutafuta ng'ambo kipa ambaye angeweza kuanguka mara yake ya kwanza juu ya mchanga wa Ufukoni.